Clarence White: aliyetia sauti ya pedali stili ndani ya Telecaster (maisha, gitaa na ufundi wake)

Nyuzi Sita

Wakuu salaam. Mada za kantri roki zikianza, Gram Parsons anatajwa mpaka anachosha, Eagles wanafuata, mjadala unafungwa. Anayerukwa kila mara ni Clarence White, mpiga gitaa wa bendi ya Byrds, wakati ule mlio wa gitaa la umeme unaopanda polepole kwenye nyimbo za namna hiyo ni yeye aliyeuleta, akisaidiwa na rafiki yake fundi. Naanza na maisha yake, ya vifaa nawaachia mafundi.

Alizaliwa 7 Juni 1944 mjini Lewiston, jimbo la Maine. Ukoo wao ulikuwa LeBlanc, watu wa asili ya Kifaransa kutoka Kanada, baadaye wakatumia White. Baba alipiga gitaa, banjo, fidla na harmonika, kwa hiyo watoto walijifunzia sebuleni: Roland mandolini, Eric besi, Clarence gitaa. Mwaka 1954 familia ikahamia Burbank, California. Wakapiga kama Three Little Country Boys, kisha Country Boys, na 1962 wakawa Kentucky Colonels. Kentucky yenyewe hawakutoka, jina lilikuwa la kuvutia wateja.

Kilichombadilisha Clarence ni jeshi, ingawa hakuandikishwa yeye. Roland aliitwa jeshini 1961, na mandolini yake ndiyo iliyokuwa ikibeba solo. Katika blugrasi (kantri ya vyombo visivyo vya umeme) ya wakati ule gitaa lilikuwa chombo cha rizimu: besi, kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja), besi, kodi, basi. Roland alipoondoka pengo likabaki, Clarence akaanza kulijaza kwa gitaa. Akawa anamtazama mpiga gitaa Doc Watson kwenye ukumbi wa Ash Grove, Los Angeles, na kusikiliza rekodi za mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt. Roland aliporudi 1963 akakuta mdogo wake ana solo zake mwenyewe. Albamu ya *Appalachian Swing!* ya 1964 inaonyesha matokeo: noti nyingi zinaingia nje ya pigo, sentensi inaanza pale usipoitegemea na inatua mahali pake bila kuyumba.

Kufikia 1965 kazi za blugrasi zilikuwa zimekauka. Clarence akashika Telecaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, akaingia studio kama mpiga gitaa wa kukodiwa. Hapo ndipo uzi huu unapoanza kunoga.

Pwani Kantri

Naweka kambi hapa. Huku kwetu Kenya kantri ina wenyewe, ila ni Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton tu. Huyu simjui kabisa. Aliingiaje Byrds?

Nyuzi Sita

Aliingia kwa mlango wa nyuma, dada. Chris Hillman, mpiga besi wa Byrds, alikuwa amepiga mandolini kwenye blugrasi, wanafahamiana tangu ujana. Hillman alipoandika nyimbo zenye ladha ya kantri kwa albamu ya *Younger Than Yesterday* iliyotoka Februari 1967, alimwita Clarence apige gitaa kwenye "Time Between" na "The Girl with No Name". Hesabu hiyo tarehe: ni mwaka mmoja na nusu kabla ya *Sweetheart of the Rodeo*, albamu ambayo wengi wanaiita mwanzo wa kantri roki.

Wakati huohuo alikuwa anapiga usiku na bendi ya Nashville West: Gib Guilbeau, Wayne Moore na Gene Parsons kwenye ngoma. Jina walilichukua kwenye klabu ya El Monte, California, walikokuwa wakipiga. Kipindi cha mchana ni studio, usiku ni klabu. Kwenye *Sweetheart* ya Agosti 1968 yumo pia kama mgeni.

Halafu ikaja safari ya Afrika Kusini. Julai 1968 Byrds walipangiwa kupiga huko, Gram Parsons, aliyekuwa mwenzao kwenye bendi, akakataa kupanda ndege akitaja ubaguzi wa rangi. Wenzake walisema sababu ya kweli ni kwamba alitaka kubaki London na Rolling Stones. Vyovyote iwavyo, aliondoka, bendi ikaenda na mbeba vyombo wao akishika gitaa la Gram, na ziara ikaharibika. Waliporudi Marekani Clarence akachukuliwa kama mwanachama kamili. Yeye ndiye aliyemleta Gene Parsons kwenye ngoma. Akadumu mpaka bendi ilipovunjika Februari 1973, muda mrefu kuliko mwanachama yeyote ukimtoa Roger McGuinn.

Mzee wa Rizimu

Nisahihishwe hapa: Gene Parsons na Gram Parsons ni ndugu?

Fundi Kizingiti

Hapana mzee wangu, ukoo tofauti kabisa. Gram ndiye mwimbaji, aliyekufa Septemba 1973. Gene ni mpiga ngoma na fundi mitambo, na kifaa tunachotaka kukizungumza ni cha Gene na Clarence. Makosa haya yako hata kwenye matangazo ya magitaa ya mitumba.

Sasa nishushe ya kifaa, maana ndiyo iliyonileta.

Clarence alikuwa na mbinu ya kubonyeza uzi kwa kidole nyuma ya kizingiti (kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa), yaani upande wa funguo za kukazia nyuzi. Uzi ulio wazi unapanda, ukiachia unashuka, unasikia kama pedali stili (gitaa linalolazwa na kupigwa kwa chuma kinachoteleza, nyuzi zikivutwa kwa pedali). Shida ni moja: ukishapanda juu ya shingo, mkono wa kushoto haufiki tena huko. Siku moja ya kurekodi, Gene ndiye aliyenyoosha mkono akambonyezea. Ikafanya kazi, ila huwezi kutembea na mtu wa kukubonyezea uzi. Clarence akamwomba Gene atengeneze mkono wa tatu. Wazo la pedali za miguuni lilitupwa mapema, walitaka kila kitu kiwe ndani ya gitaa.

Mpango uliokubalika ni huu. Kifungo cha mkanda kilicho begani mwa gitaa hakifungwi tena kwenye mbao, kinakaa juu ya wenzo. Wenzo unaunganishwa na ufito wa chuma unaopita ndani ya mwili wa gitaa mpaka nyuma ya daraja (nyuzi zinapokalia mwilini). Pale kuna kipande kinachozunguka kidogo, na uzi wa B (wa pili kutoka ule mwembamba) umefungwa kwenye kipande hicho badala ya kufungwa kwenye mwili. Ukisukuma shingo chini kwa mkono wa kushoto, mkanda unabaki begani kwako, gitaa linashuka, wenzo unanyanyuka, ufito unavuta, uzi wa B unapanda sauti moja nzima hadi C#. Ukiacha, springi inarudisha. Mikono yote miwili inaendelea na kazi yake.

Vipuri vya kwanza vilitoka kwenye pedali stili ya Fender, kwa msaada wa mpiga pedali stili Sneaky Pete Kleinow. Ili mtambo ukae, Telecaster ya Clarence, ambayo mwili wake ni wa 1954, iliongezewa mgongo wa pili, ndiyo maana kwenye picha inaonekana nene kupita kawaida. Walifikiria kuvuta nyuzi kadhaa, mwishoni wakabaki na B peke yake. Dunia ikaja kukiita kifaa hicho B-Bender.

Nyuzi Sita

Na kwenye uzi mzito wa E aliweka ufunguo wa aina ya Scruggs, ule wa banjo, wa kushusha na kurudisha noti kwa kugeuza mara moja. Jamaa alikuwa hataki kitu chochote kikae kimya kwenye gitaa.

Tyuna ya Mkono

Fundi, uzi unavutwa kiasi gani hasa? Kuna mtu alibisha kwamba ni sentimita kadhaa.

Fundi Kizingiti

Sentimita? Uzi ungekatika kabla hujafika nusu ya njia. Piga hesabu. Kutoka B (nusu-sauti mbili chini ya C#) ni kutoka hezi 246.9 hadi 277.2. Mkazo wa uzi unakwenda na kipeo cha pili cha mtetemo, kwa hiyo unapanda kama asilimia 26. Uzi wa inchi .011 kwenye shingo ya Fender, yenye urefu wa milimita 648, una mkazo wa karibu kilo 5 ukiwa B, unafika kilo 6.3 ukiwa C#. Uzi wa .013 unatoka kilo 7 kwenda karibu kilo 8.8.

Ila safari yenyewe ya uzi ni ndogo: kama milimita 0.8 kwa uzi wa chuma usiosokotwa, ukihesabu na vipande vya nyuma ya daraja na nyuma ya kizingiti. Na jambo ambalo wengi hawalitegemei: unene wa uzi haubadilishi safari hiyo, unabadilisha nguvu tu. Ukitoka .011 kwenda .013 hautahitaji kupanga upya umbali kwa kiasi kikubwa, utahitaji misuli.

Kutokana na hapo utaona kwa nini kifaa hiki kina kiburi. Milimita 0.8 ni sauti nzima. Kwa hiyo uzi ukinasa milimita 0.1 tu mahali popote, umetoka nje kwa robo ya nusu-sauti, na sikio la mtu yeyote linaisikia.

Mahali unaponasa ni patatu. Kwanza kizingiti: mfereji wa B ukiwa mwembamba kuliko uzi, uzi unapanda vizuri lakini haurudi wote, unabaki juu kidogo. Dalili yake ni mlio wa "tiki" wakati wa kuachia. Dawa: panua mfereji kwa faili ya saizi ya uzi, kisha paka unga wa penseli. Pili, kile kibanio kidogo kinachokandamiza B na E kwenye kichwa cha Fender. Kama kinakandamiza kwa nguvu, kipandishe kwa kuweka kipande cha bomba dogo chini yake. Tatu ni funguo: ukizungusha uzi mizunguko sita kwenye ufunguo, mizunguko hiyo inakazana kila unapovuta. Miwili hadi mitatu inatosha, na iwe imepangwa kwenda chini bila kupandana.

Besi ya Chini

Naongezea tatizo linalowachanganya wanaonunua yaliyotumika. Gitaa likiwa juu ya meza B iko sawa, ukilivaa B inapanda yenyewe. Watu wanalaumu tyuna (kifaa cha kupimia noti). Kosa ni springi. Springi inatakiwa ishinde uzito wa gitaa unaoning'inia kwenye kifungo cha begani. Telecaster ni kilo 3.5 hadi 4, sehemu ya uzito huo inabebwa pale. Springi ikichoka, gitaa linajivuta lenyewe kabla hujasukuma chochote. Ukiikaza kupita kiasi nayo, unasukuma shingo kwa nguvu nyingi, shingo inapinda kidogo na nyuzi nyingine zinashuka wakati B inapanda. Kaza mpaka gitaa likiwa limevaliwa na mikono imeachiwa, B isisogee, usiongeze hapo.

Na mkanda uwe wa ngozi usiovutika. Mkanda wa kitambaa chenye mpira unakula nusu ya msukumo wako.

Tyuna ya Mkono

Na kutyuni kunakwenda vipi? Ukitengeneza B, C# inatoka. Ukitengeneza C#, B inatoka.

Fundi Kizingiti

Hiyo ni kwa sababu unatumia ufunguo kwa zote mbili. Ufunguo wa kichwani ni wa B tu. C# ina skrubu yake inayoamua wenzo unaishia wapi.

Fanya hivi, ukiwa umesimama na gitaa limevaliwa. Tyuni nyuzi zote, B ikiwa imeachiwa. Vuta na kuachia mara kumi kabla hujaamini chochote, hasa kwa nyuzi mpya. Rudia B kwa ufunguo. Sasa sukuma hadi mwisho kabisa, usiishie njiani, soma C# kwenye tyuna, rekebisha kwa skrubu. Achia, soma B tena. Ikiwa B imebaki palepale umemaliza. Ikiwa imepanda, una msuguano, rudi kwenye kizingiti. Usijaribu kuurekebisha kwa ufunguo, utazunguka hapo mpaka asubuhi.

Jingine: usivute kwa sikio ukiishia "karibu na C#". Uzuri wa kifaa hiki kuliko kidole ni kwamba kina mwisho maalumu. Sukuma mpaka kigonge, kila mara. Mwendo ndio unaubadilisha: polepole kwa nyimbo za huzuni, haraka kwa za kucheza.

Na beba nyuzi za B za akiba. Zinakatika mapema kuliko nyingine, karibu kila mara pale kwenye daraja, kwa sababu ndipo chuma kinapopindwa na kunyooshwa mahali pamoja.

Pwani Kantri

Nimeelewa chuma. Sasa muziki: nikishavuta, nakaba nini?

Kodi Tatu

Dada, kumbuka kwamba B-Bender inakupa sauti nzima tu, hakuna nusu. Kwa hiyo jiulize noti iliyo kwenye uzi wa 2 ni ya ngapi katika kodi. Ikiwa ya pili, inapanda kwenda ya tatu, na hapo ndipo utamu ulipo. Ya tano kwenda ya sita ni nzuri. Ya kwanza kwenda ya pili inafaa kwa kupita. Ikiwa ni ya tatu, usiguse: itapanda kwenda ya nne iliyoinuliwa na itakwaruza. Ndiyo maana kodi ya G ya wazi, ambayo B yake ni ya tatu, inawaaibisha wanaoanza.

Chukua kodi ya D hivi: uzi wa 3 freti (chuma kinachokatiza shingo) ya 7, uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 1 freti ya 5. Hizo ni D, E na A. Piga zote tatu, kisha sukuma shingo. E inapanda kuwa F#, D meja inajitokeza huku nyuzi mbili za pembeni hazijasogea. Huo ndio mlio wa Clarence. Ihamishe freti mbili juu upate E, tano juu upate G. Ukishaizoea, anza kinyume: sukuma kimyakimya kabla ya kupiga, piga, kisha achia ishuke.

Kwa kodi ya A ya wazi, acha B wazi badala ya kuikaba freti ya 2, halafu vuta. Rahisi kuliko yote, anzia hapo.

Kosa la kawaida ni kukamata shingo kwa kiganja kizima ili kupata nguvu ya kusukuma. Vidole vinapoteza nafasi. Msukumo utoke kwenye mkono wa mbele na bega, kidole gumba kikiwa nyuma ya shingo. Ukipiga umekaa, paja lisizuie gitaa kushuka, na mkanda bado uvaliwe.

Mzee wa Rizimu

Haya yote ni ya umeme. Mimi nilimjua kwa gitaa la mbao. Hebu semeni kuhusu ile Martin.

Nyuzi Sita

Martin D-28 ya 1935, namba 58957. Ilipomfikia Clarence ilikuwa imeshachakaa, tundu la sauti limepanuliwa kuliko kiwango cha Martin cha karibu sentimita 10. Watu wakaja kuamini tundu kubwa ni siri ya kiwanda, kumbe ni ukarabati wa mtu.

Ila lina matokeo ya kweli. Tundu likipanuka, hewa ya ndani inatetemeka kwa sauti ya juu zaidi, kwa hiyo lile vumo la besi linapungua na noti za katikati zinasikika wazi mbele ya maikrofoni na mbele ya banjo. Kwa anayepiga solo ni faida. Kwa anayetaka rizimu nzito ni hasara. Kabla hujachukua msumeno kwenye gitaa lako fahamu pia kwamba pembeni mwa tundu kuna mbao za ndani zinazoshikilia uso wa gitaa, ukizigusa uso unaanza kuzama.

Clarence alipohamia umeme gitaa hilo liliondoka mikononi mwake. Mwaka 1975 Tony Rice alilipata kwa dola 550 na akalipiga karibu maisha yake yote, hadi alipofariki Desemba 2020. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa blugrasi kimejifunza kwa sauti ya mbao hizo kutoka kwa watu wawili tofauti.

Pembe za Ndovu

Kidogo nje ya mada: Kentucky Colonels walipiga tamasha la Newport 1964, Clarence na Doc Watson wakashika magitaa pamoja kwenye darasa la wazi. Miaka mitano baadaye jukwaa la Newport lilimpokea Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyekuwa akiimba Kiswahili na kupiga kwa vidole viwili. Msikilize Bosco kisha Clarence, usikie namna kila mmoja anavyoiacha besi itembee wakati noti za juu zinachelewa makusudi.

Mzee wa Rizimu

Umenikumbusha mbali. Endeleeni.

Kodi Tatu

Nina neno la kubisha. Kumwita Clarence mwanzilishi wa kantri roki ni kuzidisha. Hakuandika nyimbo za maana, sauti yake ya kuimba ilikuwa ya kawaida, na Byrds wa kipindi chake studio hawakuwa wazuri. *Byrdmaniax* ya 1971 haisikiliziki.

Nyuzi Sita

Kuhusu *Byrdmaniax* sibishi. Prodyuza Terry Melcher aliijaza vinanda vya okestra, tarumbeta na waimbaji wa kuitikia bendi ikiwa njiani, na wanamuziki wenyewe walilalamika. *Farther Along* ya mwaka huohuo waliirekodi London kwa siku chache kama kujisafisha, ikatoka imekimbizwa.

Lakini kipimo cha studio si cha haki kwa bendi ile. Sikiliza upande wa jukwaani wa *(Untitled)* ya 1970, ule wimbo mmoja wa dakika 16: Clarence na McGuinn wanapishana bila kugongana, Skip Battin na Gene Parsons nyuma. Byrds wa miaka ya 1960 wenye majina makubwa hawakuweza kupiga hivyo mbele ya watu.

Na uanzilishi si utunzi peke yake. Gram alileta nyimbo na mavazi. Clarence alileta namna gitaa la umeme linavyozungumza ndani ya nyimbo hizo. Mpiga gitaa Bernie Leadon alikuwa na kifaa hicho, na ndicho kinachosikika kwenye "Peaceful Easy Feeling" ya Eagles ya 1972. Jimmy Page wa Led Zeppelin naye alikichukua. Miaka ya 1990 Fender walianza kuuza Telecaster zenye mtambo huo kutoka kiwandani.

Ongeza kazi za kukodiwa: Joe Cocker, Randy Newman, Arlo Guthrie, albamu ya kwanza ya Jackson Browne. Kwenye nyingi jina lake lipo nyuma ya jalada kwa herufi ndogo, ndiyo maana linasahaulika. Byrds walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki 1991, waliingizwa wale watano wa mwanzo tu. Blugrasi ndiyo iliyomtambua, 2016.

Kodi Tatu

Hapo kwa Leadon nakubali. Kwa uimbaji nabaki palepale.

Besi ya Chini

Kwa mnaotaka kusikiliza: angalizo moja. *Sweetheart of the Rodeo* ina pedali stili halisi, ya Lloyd Green na JayDee Maness. Msije mkaisifia B-Bender kwa kazi yao.

Namna ya kutofautisha: pedali stili inapigwa kwa chuma kinachoteleza, kwa hiyo noti zote zinatikisika na kuteleza pamoja, na mara nyingi sauti inavimba kutoka kimya kwa pedali ya sauti. B-Bender inaanza kwa mgoto mkali wa piki (kipande cha kupigia nyuzi), noti mbili zimetulia kwenye freti, moja tu inapanda na kusimama ghafla. Ukisikia noti tatu zinateleza pamoja, hiyo ni stili.

Anzeni na "Tulsa County" kwenye *Ballad of Easy Rider* ya 1969, mtambo unasikika peupe. Kisha rudini kwenye rekodi za Nashville West za klabuni, ubora wa sauti ni duni lakini gitaa liko mbele.

Pwani Kantri

Mwisho wake ulikuwaje? Mmekwepa.

Nyuzi Sita

Byrds walipiga mara ya mwisho 24 Februari 1973 Passaic, New Jersey. Mwezi huohuo Clarence alikuwa amekwisha kurudi kwenye blugrasi. Mkongwe wa blugrasi Bill Monroe alikuwa apige kwenye televisheni Los Angeles, basi lake likaharibika njiani, na vijana waliopangwa kumsindikiza wakapiga kipindi wenyewe: Clarence, Peter Rowan, David Grisman, Richard Greene na Bill Keith. Wakajiita Muleskinner, wakarekodi albamu moja. Akarudi pia na ndugu zake, wakazuru Ulaya, na akaanza albamu yake mwenyewe. Nyimbo chache tu zilikamilika.

Usiku wa kuamkia 15 Julai 1973, Palmdale, California, White na kaka yake walikuwa wanapakia vyombo kwenye gari baada ya onyesho. Dereva mlevi akawagonga. Roland aliumia, Clarence akafa. Alikuwa na miaka 29. Makaburini Gram Parsons na Bernie Leadon walianzisha wimbo wa dini, "Farther Along", wengine wakapokea. Miezi miwili baadaye Gram naye akafa, na kwenye albamu yake iliyotoka 1974 kuna ubeti unaomhusu Clarence.

Ile Telecaster ilibaki kwa mjane wake mpaka 1980, mwanamuziki wa kantri Marty Stuart alipoinunua. Marty aliingia kwenye bendi ya mwanablugrasi Lester Flatt akiwa mtoto wa miaka 13 kwa kupitishwa na Roland, kwa hiyo gitaa halikwenda mbali na familia. Bado anapanda nalo jukwaani.

Tyuna ya Mkono

Swali la mwisho kwa Fundi. Mtu mwenye Telecaster ya kawaida, hataki kuichimba, afanyeje?

Fundi Kizingiti

Asichimbe. Mtambo wa Gene Parsons unataka mfereji mrefu kutoka begani hadi darajani, ukikosea milimita chache ufito unagusa mbao na kunasa, na mwili ukishachimbwa haurudi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya.

Kuna aina ya Hipshot inayofungwa kwa skrubu nyuma ya daraja. Wenzo wake unasukumwa kwa nyonga: unalisogeza gitaa pembeni badala ya kushusha shingo. Haichimbi chochote na inaondolewa. Kasoro yake ni kwamba unatakiwa usimame, na wenzo unaning'inia nje, ukiuegesha ukutani unapinda. Nyingine ni za kiganja, wenzo mdogo juu ya daraja unaobonyezwa kwa mkono wa kulia. Hizo zinakunyima uhuru wa piki, mwendo wa haraka unakufa.

Asiye na hela ya chochote aanze alikoanzia Clarence mwenyewe, kidole nyuma ya kizingiti. Aanze na uzi wa G, kwa kuwa kwenye Telecaster nyingi haupiti chini ya kibanio, unabonyea kirahisi. G ikipanda inakuwa A. Apige D ya wazi kwenye uzi wa 4 pamoja na G, kisha abonyeze: ya nne inakwenda ya tano juu ya D. Uzi wa .016 au .017 unauma kidole siku za mwanzo, atumie .015 mpaka ngozi ikomae.

Tyuna ya Mkono

Na kizingiti cha plastiki kitahimili?

Fundi Kizingiti

Kwa muda. Plastiki laini uzi unaichimba, mfereji unashuka mpaka G inagonga freti ya kwanza. Weka cha mfupa, na unga wa penseli kila ukibadili nyuzi.